Risala kwa Mgeni Rasmi Siku ya Kuzindua Mwongozo wa Sauti wa Kiswahili wa Kijiji cha Eyam, Uingereza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti na viongozi wenzako,
Wazee wetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha salama, na tunakushukuru wewe kwa kuacha shughuli zako ukaja kutuzindulia kazi hii. Sisi ni Waswahili wa Sheffield, tuliotoka Tanzania, Kenya, Burundi na mashariki ya Kongo. Tumerekodi kwa Kiswahili mwongozo wa sauti wa kijiji cha Eyam, kilichoko kwenye vilima vya Derbyshire, kama kilomita 20 kutoka hapa. Mtu anaupakua kwenye simu kabla hajatoka nyumbani, maana huko vilimani mtandao ni wa kubahatisha. Akifika kijijini anavaa hedifoni, anatembea, na katika kila kituo anabonyeza na kusikiliza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Eyam ni kijiji cha nyumba za mawe, chenye kanisa la kale na msalaba wa mawe uliochongwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Lakini kinachowaleta watu pale ni tauni. Mwaka 1665 fundi mshonaji wa kijiji aliletewa nguo kutoka London, ambako ugonjwa ulikuwa umepamba moto. Msaidizi wake, George Viccars, akazianika mbele ya moto zikauke. Inaaminika zilikuwa na viroboto wenye kueneza tauni. Tarehe 7 Septemba alizikwa. Nyumba hiyo ingalipo karibu na kanisa, watu wanaishi ndani yake, na mbele yake kuna kibao chenye majina ya waliokufa humo. Kibao hicho ni cha Kiingereza. Mama zetu waliokuja kutulelea watoto wamekuwa wakikipita wakikitazama tu kama pambo, na hapo ndipo wazo la kazi hii lilipozaliwa.

Juni 1666 kasisi William Mompesson aliwaomba wanakijiji wasitoke, ili ugonjwa usivuke kwenda vijiji vya jirani. Wengi humsifu yeye peke yake. Sisi katika rekodi zetu tumempa nafasi sawa Thomas Stanley, kasisi aliyemtangulia, ambaye aliondolewa kazini kwa kukataa Sheria ya 1662 iliyowataka makasisi wote wafuate kitabu kimoja cha sala. Waumini wengi walikuwa bado wanamsikiliza Stanley. Mompesson alikuwa kijana na mgeni. Bila mzee kusimama pembeni yake, tunaamini wasingemkubalia. Mahasimu wa kidini walikaa meza moja kwa ajili ya uhai wa watu wasiowajua, na hilo ndilo tulilotaka watoto wetu walisikie kwa sauti za wazazi wao.

Kituo tunachokipenda ni jiwe la mpaka, njiani kuelekea Stoney Middleton. Lina mashimo juu yake. Wanakijiji walitia sarafu humo pamoja na siki, wakiamini siki inasafisha, na watu wa nje wakaacha chakula na kuchukua malipo. Earl wa Devonshire, mwenye jumba la Chatsworth, naye alituma mahitaji. Katika kituo hiki sauti inamwomba msikilizaji aingize kidole shimoni, kisha inanyamaza kidogo. Kingo za mashimo zimelainika kwa mikono ya watu. Hatukuweka muziki pale wala popote.

Kisha kuna makaburi ya Riley, kwenye mteremko nje ya kijiji, ndani ya ukuta mdogo wa mawe. Elizabeth Hancock alizika hapo, kwa siku nane za Agosti 1666, mume wake John na watoto wao sita: John, Elizabeth, William, Oner, Alice na Ann. Aliwazika mwenyewe. Inasimuliwa kuwa baadaye alihamia hapa Sheffield kwa mwanawe aliyebaki. Mama mmoja wa kikundi chetu, aliyezikimbia vita na kuacha makaburi ya nduguze nyuma, ndiye aliyeyasoma majina hayo. Ameyasoma polepole, na hatukumharakisha.

Tauni ilikoma Novemba 1666, watu wapatao 260 wakiwa wamekufa, akiwamo Catherine, mke wa Mompesson, aliyekataa kuondoka na watoto walipopelekwa mbali. Kila Jumapili ya mwisho ya Agosti watu huandamana hadi bonde la Cucklet Delf, mahali ambapo ibada zilifanyika uwanjani, kila familia ikikaa mbali na nyingine. Mwaka 2020, wakati wa korona, sisi tuliozika ndugu zetu kupitia simu tulielewa umbali ule ulikuwa na uzito gani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kazi haijakosa changamoto. Upepo wa Riley uliharibu rekodi nyingi, kwa kuwa kinasa sauti chetu ni cha simu. Njia ya kupanda kule inawashinda wazee wenye matatizo ya magoti. Na ndugu zetu viziwi bado hawajafikiwa.

Hivyo tunaleta kwako maombi yafuatayo. Kwanza, utusaidie kupata kinasa sauti kizuri chenye kinga ya upepo. Pili, usafiri wa kuwapeleka wazee wetu Eyam mwezi Agosti, wakati wa kumbukumbu. Tatu, gharama za kuchapa maneno ya rekodi zote katika kijitabu, ili asiyesikia asome. Na kama utapata nafasi, tunakuomba ufuatane nasi leo alasiri hadi kwenye jiwe la mpaka, usikilize kituo hicho ukiwa umesimama hapohapo. Simu na hedifoni tumekuandalia.

Kwa heshima na taadhima, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.