Wanangu wa hosteli, njooni muione mita

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme kuhusu umeme na wanafunzi wa vyuo, hasa wanaolala hosteli, na kupitia kwao niwafikie na wakuu wao. Mimi ni matroni wa hosteli ya wasichana hapa Iringa, kazi niliyoianza mwaka 2009. Chuo sitakitaja, kwa sababu ninayotaka kuyasema utayakuta hosteli nyingi, na sipendi ionekane nimekuja kuwaanika watoto ninaowalea.

Julai mwaka jana, saa kumi na moja kasoro alfajiri, niligongewa mlango. Alikuwa binti wa mwaka wa pili, amejifunga khanga juu ya sweta, anatetemeka. "Shikamoo mama. Ghorofa ya pili kunanuka." Sikuuliza kunanuka nini. Harufu ya plastiki inayoungua ukishaikuta mara moja hutaisahau. Nilipanda ngazi nikiwa pekupeku.

Chini ya kitanda cha deka, juu ya kapeti, kulikuwa na ekstensheni moja ya soketi nne. Imechomekwa hita mbili, kila moja ndani ya ndoo yake, na pasi ya mwenzao aliyetaka kuwahi mazoezi ya kufundisha. Upande mmoja wa ekstensheni ulikuwa umelainika na kulala kama mshumaa uliosahauliwa juani. Kapeti lilikuwa limeungua tundu la ukubwa wa sahani. Nilizima swichi ya ukutani kwa mti wa ufagio, nikafungua madirisha, nikawahesabu. Chumba cha watu wanne, waliolala humo usiku ule walikuwa sita, maana wawili walikuwa wanabebwa, yaani wanalala kwenye nafasi za wenzao. Wote wazima, Mungu ashukuriwe.

Kulipokucha fundi wetu aliifungua plagi mbele yangu. Fyuzi ilikuwa imezungushiwa karatasi ya fedha ya chokoleti. Ilikwisha kuungua siku nyingi, mwenye nayo akaona aifunge hivyo ili mambo yaendelee. Fundi akanipigia hesabu kwenye kiganja cha mkono wake kwa kalamu: hita wati 1,500, nyingine 1,500, pasi 1,000. Jumla wati 4,000. Gawanya kwa volti 230, unapata ampea 17 na ushei. Plagi ile imetengenezwa ibebe 13. Kazi ya fyuzi ni kukatika kabla waya haujaungua, nao walikuwa wameizuia isikatike. Nilikaa kwenye ngazi nikawaza wazazi sita niliokuwa nao kwenye daftari langu la simu.

Nilifanya kile matroni wote wanachofanya. Nilipita chumba kwa chumba nikakusanya hita. Zilifika 31, nikazifungia kabatini. Baada ya wiki mbili nikazikuta nyingine mpya, safari hii zimefichwa ndani ya mabegi, ndani ya magunia ya mchele, moja ndani ya buti la mvua. Na binti mmoja, mpole, anayenisalimia kila asubuhi, akaniuliza bila jeuri yoyote: "Mama, kwani umeme si tumeshaulipia kwenye ada ya hosteli?"

Swali lile lilinikosesha usingizi kuliko ile harufu. Huyu mtoto nyumbani kwao kuna LUKU. Amekua akitumwa kununua umeme kwa wakala, akaingiza tarakimu 20 kwenye mita, akasikia baba anafoka, "Nani kaacha taa ya choo?" Anajua uniti zikibaki mbili hapigi mtu pasi. Akifika hosteli elimu yote hiyo inalala. Si kwamba ameharibika. Amelipa mara moja mwanzo wa muhula, bumu, yaani fedha ya mkopo, likiingia, halafu mita imefungiwa kwenye chumba cha nyuma chenye kufuli, ufunguo uko ofisini. Haoni kinachoondoka. Ndiyo maana nasema kosa la kwanza ni letu sisi wakubwa, tuliompa umeme usioonekana, kisha tukamlaumu kwa kutouona.

Basi Jumamosi iliyofuata niliwaita wasichana wa chumba kile nyumbani kwangu, nyumba ya matroni, ambayo ina LUKU yake kibarazani. Nikazima friji, nikazima redio, nikaacha taa moja tu ya LED ya wati 9. Mita yangu imeandikwa 1000 imp/kWh, na ina kitaa kidogo chekundu kinachopepesa. Fundi alinieleza kwamba kikipepesa mara 1,000, uniti moja imekwenda. Tukakisubiri. Tukasubiri tena. Dakika sita zikapita na zaidi ndipo kikapepesa mara moja. Mmoja akasema, "Mama, mita yako mbovu." Nikamwambia tulia.

Nikachomeka hita kwenye ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ya bomba, na maji ya Julai ya Iringa mnayajua, yanauma hadi kwenye kucha. Kile kitaa kikaanza kupepesa kila baada ya sekunde mbili na nusu hivi. Binti yule mwenye swali la ada akajipa kazi ya kuhesabu kwa sauti. Kufika mia wenzake walikuwa wanacheka. Kufika mia tatu walikuwa kimya. Maji yalipofika joto la kuogea, kama dakika 25 hivi, alikuwa kwenye 612.

Tukakaa chini na karatasi. Mapepeso 612 ni zaidi ya nusu uniti. Taa ileile ya wati 9 ingetumia umeme huo kwa saa 68, yaani siku mbili na saa 20, usiku na mchana bila kuzimwa. Kwa bei ninayolipa mimi, shilingi 356 kwa uniti ukijumlisha VAT, tozo ya EWURA, wadhibiti wa nishati, na ile asilimia 3 ya REA inayopeleka nguzo vijijini, ndoo moja imekula shilingi 218. Hosteli yangu ina wasichana 160 kwa mujibu wa karatasi. Kila mmoja akichemsha ndoo moja kwa siku, ni zaidi ya shilingi 34,000. Kwa mwezi, zaidi ya milioni moja. Chuo kina kundi lake la bei, najua, lakini hata ukipunguza hapo, fedha hizo zingetengeneza vyoo vya ghorofa ya kwanza ambavyo wanavilalamikia kila kikao, na wana haki ya kuvilalamikia.

Hakuna niliyemkemea siku ile. Waliondoka wakibishana wao kwa wao njia nzima, nani anaoga maji mengi.

Tangu siku hiyo nimekoma kuhubiri kuhusu chaja za simu. Kila mara tunapozungumzia kubana matumizi, mtu husimama na kusema wanafunzi wachomoe chaja. Wachomoe, si vibaya. Lakini chaja ya simu ni wati chache mno, na mtoto akiambiwa simu yake ndiyo inayomaliza umeme wakati ndoo ya mwenzake inachemka pembeni, anatuona hatujui tunalosema. Umeme wa hosteli unaliwa na vitu vinavyotoa joto: hita, pasi, jiko la umeme la kupikia, kikausha nywele. Tuanzie huko. Maji ya kuoga nusu ndoo yanatosha, na nusu ndoo ni nusu ya umeme, hakuna ujanja mwingine hapo. Ifunikeni ndoo. Pasi iwashwe mara moja, wanne mpige nguo zenu kwa zamu, mkianza na nyepesi ikiwa bado haijapata moto sana. Ya mwisho inyoosheni pasi ikiwa imeshachomolewa, bado ina joto. Taa mkitoka zimeni, hasa vyumba vyenye mapazia ambayo hayafunguliwi hadi saa sita mchana. Fungueni mapazia, wanangu. Jua la Iringa halina luku.

Wapo watakaonijibu kwamba hayo ni mawazo ya zamani. Nimeshaambiwa na kijana mmoja wa serikali ya wanafunzi: "Mama, siku hizi umeme upo, tuna Bwawa la Nyerere." Ni kweli tunalo, kule mto Rufiji, na nilifurahi kama Mtanzania yeyote mtambo wa kwanza ulipoanza mwaka 2024. Megawati 2,115 si mchezo. Mtera yetu hii, bwawa la umeme lililo njia ya Dodoma, ambayo tulikuwa tukiitazama kwa wasiwasi kila kiangazi, ni megawati 80. Lakini megawati za Rufiji hazinenepeshi waya ulio ndani ya ukuta wa hosteli. Jengo letu lilifungwa waya zamani, wakati mwanafunzi alikuja na redio ya betri na godoro. Waya ule haujui kama bwawa limejaa. Ukiubebesha hita kumi utaungua hata Rufiji ikifurika.

Na mimi mgao nimeuona. Mwaka 2011 wasichana wangu walisoma kwa mishumaa wakielekea mitihani, nami nikipita usiku kucha nikinusa milango, maana mshumaa juu ya kitanda cha deka unatisha kuliko hita. Mwaka ule nilisafiri kwenda Dodoma kumwona dada yangu. Pale Mtera watu huwa wananunua samaki, basi linakuwa na kelele. Siku ile abiria waligeuka dirishani wakanyamaza. Maji yalikuwa yamerudi nyuma, yameacha matope yaliyopasuka na visiki vya miti iliyozama bwawa lilipojengwa. Bwawa likijaa kabisa linafika mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, na likishuka hadi 690 mitambo inapaswa kusimama. Mita nane na nusu tu, hazifiki hata paa la jengo letu la hosteli. Tangu nimeijua namba hiyo, kila taa iliyoachwa mchana naiona imetoka katika zile mita nane na nusu.

Sasa nigeukie wakuu wa vyuo, maana nisiposema nao nitakuwa nimewaonea watoto. Taa za nje za uzio wetu ziliwahi kuwaka mchana siku nne mfululizo kwa sababu swichi iko kwenye ofisi ambayo mwenye ufunguo alikuwa safarini. Wanafunzi waliziona, nao wanajua kulinganisha. Tena hatuwezi kukataza hita halafu tukawaachia maji ya baridi ya Julai. Binti anayeamka saa kumi na moja kuwahi kipindi atachemsha tu, kwa ruhusa au kwa kuficha, na anayeficha ndiye anayeweka ekstensheni chini ya godoro. Tupate jiko moja la pamoja kila jengo, hata la gesi, lenye sufuria kubwa, liwake saa kumi na nusu hadi kumi na mbili. Na wenye uwezo waweke matangi ya kuchemsha maji kwa jua juu ya paa. Baridi yetu ya Juni na Julai ni ya asubuhi na usiku, mchana jua linawaka, na paa zetu zimekaa bure.

Na chumba cha mita kifunguliwe. Hilo naliomba kuliko yote. Mimi niliomba ufunguo, nikaupata baada ya kuandika barua mbili. Sasa pale mlango wa kuingilia hosteli kuna ubao mdogo mweusi. Kila siku saa kumi na mbili jioni msichana wa zamu, anabadilika kila wiki, anakwenda na fundi kusoma namba, anaiandika kwa chaki, na chini yake anaandika tofauti na ya jana. Wiki ya kwanza walikuwa wanapita bila kugeuza shingo. Wiki ya tatu niliwakuta wamesimama watano mbele ya ubao wanamhoji wa zamu kwa nini Jumapili imepanda hivyo. Akasema, "Jumapili ni pasi, watu wanajiandaa kwa kanisa na kwa wiki." Hakufundishwa na mtu.

Yule wa swali la ada sasa ana daftari. Anaandika namba za ubao kila siku, na siku moja alikuja kuniambia ghorofa ya pili imekubaliana kuchemsha maji kwa zamu, ndoo moja watu wawili, wala hakuna kuchomeka vitu viwili kwenye ekstensheni moja. Nilimuuliza nani amewapangia. Akasema wamekaa wenyewe usiku, chumbani, wakaandika.

Hita zile 31 bado ziko kabatini. Mwenye yake aje aichukue siku ya kufunga chuo, aende nayo nyumbani.

Wenu,
Matroni, Iringa