Cheti cha simu hakipimi maziwa

Mhariri,

Siku hizi ukifungua simu hapa Nakuru hukosi kukutana na mtu ameshika cheti. "Najivunia kuwatangazia kuwa nimehitimu," ameandika, na pongezi zimejaa chini yake. Kozi yenyewe ni ya saa mbili: usalama kazini, uongozi, ubora wa chakula. Waajiri nao wamo. Kiwanda kinanunua akaunti za mafunzo ya mtandaoni, meneja analetewa jedwali la kijani kwamba kila mfanyakazi "amekamilisha", na habari ya mafunzo imefungwa hadi mwaka ujao. Jedwali hilo linahesabu mibonyezo. Ujuzi haumo.

Chukua kazi moja ambayo kaunti hii inaijua sana, ya kupokea maziwa. Njoro, Molo, Subukia, Olenguruone, bodaboda zinafika alfajiri na mitungi, na mtu mmoja mwenye laktomita, chombo kinachoelea ndani ya maziwa kuonyesha uzito wake, ndiye anayeamua upi unaingia kwenye tangi na upi unarudi nyumbani. Video inaifunza kazi hii kwa dakika chache. Chombo kinaelea kimetulia, namba 30 inang'aa, kisha swali: maziwa safi husoma kati ya ngapi na ngapi? Unachagua 28 hadi 32, unapata alama zote.

Sasa weka silinda mbili mezani. Laktomita iliyosanifiwa kwa nyuzijoto 20 inasoma 27 katika zote mbili. Maziwa ya kwanza yana nyuzi 20. Ya pili bado hayajapoa, yana nyuzi 27. Kwa kila nyuzi moja juu ya 20 unaongeza 0.2, kwa hiyo ya pili ni 27 na 1.4, yaani 28.4, na ni maziwa halali. Ya kwanza yanabaki 27, na hapo una haki ya kushuku maji: maziwa ya 30 yakitiwa lita moja ya maji kwa kila lita tisa hushuka hadi 27 hivi. Asiyeshika kipimajoto atayakataa yote au atayapokea yote, na vyovyote vile kuna mtu ameonewa. Wala 20 si ya kila chombo. Laktomita nyingine zimesanifiwa kwa 15.5, na jambo hilo huandikwa kwenye chombo chenyewe, kwa herufi ndogo ambazo hakuna video inayozionyesha.

Na hiyo ni hesabu tu, sehemu ambayo simu inaiweza. Kazi ngumu iko mkononi. Mtungi wa lita 50 usipokorogwa kutoka chini hadi juu, unachota malai yaliyopanda, na kwa kuwa malai ni mepesi, laktomita inazama kuliko inavyostahili. Ukiyamimina kwa pupa yanatoa povu, na povu linaficha mstari. Yaliyokamuliwa punde hivi yanahitaji angalau nusu saa kutulia. Chombo kikigusa ukuta wa silinda kinakwama na kudanganya. Maziwa hayaonyeshi ndani kama maji, kwa hiyo unasoma pale yanapokomea juu kwenye shingo ya laktomita, jicho likiwa usawa wake, huku mwenye boda nyuma yako anapiga honi kwa sababu ana safari nyingine tatu. Halafu kuna mjanja anayejua kwamba ukiengua malai namba inapanda na ukitia maji inashuka, basi anafanya yote mawili na laktomita inasoma kama kawaida. Huyo hunaswa kwa kupima mafuta.

Kipimo cha alkoholi, cha kunasa maziwa yaliyoanza kuchacha, kinaonekana rahisi zaidi: mililita 2 za maziwa, mililita 2 za alkoholi ya asilimia 68, changanya, angalia. Yakikatika, yanakataliwa. Lakini chembe ndogo zilizonata kwenye ukuta wa glasi huonwa na jicho lililokwisha kuziona mara ishirini, si lililoonyeshwa picha moja kubwa ya maziwa yaliyokatika mabonge mabonge.

Mtihani unaokuja dakika tano baada ya video nao unatupumbaza. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja lilirudia kusoma, jingine likaandika linalokumbuka bila kuchungulia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja walikuwa 42, na waliojipima 56. Kinachoteremka vizuri leo ndicho kinachotoka kichwani upesi, na cheti hutolewa leo. Tena mtihani wenyewe unarudiwa hadi upite, kwa maswali yaleyale, na kabla ya saa sita majibu yako kwenye grupu la WhatsApp la kazini.

Msidhani natetea semina za hotelini. Huko ndiko tunakoonyeshwa ile piramidi kwamba mtu hukumbuka asilimia 10 ya anayosoma, 20 ya anayosikia, hadi 90 ya anayotenda. Inahusishwa na Edgar Dale, ambaye mchoro wake wa mwaka 1946 haukuwa na asilimia yoyote. Namba zilibandikwa na watu wengine baadaye. Na utafiti gani duniani uliwahi kutoa matokeo yanayoishia kwenye sifuri kila mara? Jioni unajaza fomu ya kusema kama umefurahia. Fomu hiyo inapima kuku na chapati.

Mwajiri hana haja ya kununua kila kinachotangazwa. Tayari analipa ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Mwenye watu 100 anatoa 60,000 kwa mwaka. NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani inayosimamia fedha hizo, humrudishia mwajiri sehemu ya gharama ya mafunzo iwapo aliomba idhini kabla hayajaanza. Wengi hukumbuka baada ya semina, wakiwa na risiti mkononi, na wamechelewa. Mamlaka hiyohiyo ina kituo Kisumu na hutoa mitihani ya ufundi ya gredi ya III hadi ya I, ambayo fundi hupewa kazi aifanye mbele ya mtahini. Picha ya cheti hicho sijaiona ikipata pongezi nyingi mtandaoni.

Kwa kituo cha maziwa, hesabu ya joto na ifunzwe kwa simu, nusu saa inatosha. Kisha mpokeaji awekewe sampuli sita zisizo na majina: maziwa safi ya nyuzi 20, maziwa safi ya nyuzi 27, yaliyotiwa maji mililita 100 kwa 900 za maziwa, yaliyoenguliwa malai kisha yakatiwa maji, yaliyoanza kuchacha, na ya ng'ombe aliyezaa jana. Azitenganishe na aeleze sababu, na pale laktomita isipotosha aseme hivyo. Rudia baada ya siku tatu, wiki moja na mwezi mmoja bila kumtangazia, na uandike kila aliyokosea.

Vifaa ni laktomita mbili, maana moja itavunjika, vipimajoto viwili, silinda, chupa ya alkoholi na lita chache za maziwa. Kuna vituo vinavyolipia akaunti za kozi kila mwaka huku kipimajoto kikiwa kilivunjika zamani, na mpokeaji anakadiria joto kwa kugusa mtungi.

Mkufunzi wa viwandani,
Nakuru