Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kutambua Magari ya Kifahari ya Kimarekani Yaliyoishia Ng'ambo

Ndugu Wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, ninawasilisha kwenu taarifa ya kazi za mwaka unaokwisha. Hesabu za fedha zitasomwa na Mweka Hazina, na masuala ya ada na ya wanachama wapya yamo katika taarifa ya Katibu. Mimi nitabaki katika kazi iliyotuchukulia muda mwingi kuliko nyingine zote, nayo ni kutambua magari ya kifahari yaliyotengenezwa Marekani, hasa ya miaka ya 1920 na 1930, ambayo yalivuka bahari na kuishia India, Cuba, Argentina, Uingereza na kwingineko.

Maombi mengi yalitufikia kwa namna moja: picha kuukuu ya gari lililosimama mbele ya jumba, watu wamejipanga kandokando yake, na swali fupi linalotaka kujua hilo ni gari gani na ni la mwaka gani. Kamati ya utambuzi imejitahidi kujibu kila ombi. Hata hivyo, msimamo wake, ambao naomba mkutano huu uuridhie, ni kwamba umbo la gari hutosha kuanzisha uchunguzi tu, na kwamba jibu la kutiwa saini sharti litokane na namba na vibati vilivyopigwa kiwandani.

Sababu ya msimamo huo ni kwamba, katika tabaka la juu la magari ya zama zile, mnunuzi mara nyingi alinunua chesisi na injini kutoka kiwandani, kisha akaagiza bodi kwa mafundi aliowapenda. Duesenberg ya Model J, iliyoonyeshwa mara ya kwanza New York mwezi Desemba 1928 ikiwa na injini ya silinda 8 iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 265, iliuzwa kwa mtindo huo tangu mwanzo. Ndiyo maana Duesenberg ya Maharaja (mtawala wa jimbo la India) Yeshwant Rao Holkar II wa Indore ina bodi iliyoundwa London na Gurney Nutting, na Cadillac ya silinda 16 ya Maharaja wa Orchha ilivishwa bodi na Pinin Farina wa Italia. Mtu anayezitazama ubavuni, akiwa amezoea picha za magari yaliyobaki Marekani, ana kila sababu ya kudhani kuwa ni magari ya Ulaya. Hali ni hiyo hiyo kwa chesisi zilizopelekwa kwa Franay nchini Ufaransa au kwa Graber nchini Uswisi.

Kwa upande mwingine, yapo magari ambayo umbo lake linatosha kabisa, na hapo kamati haikuwa na sababu ya kusitasita. Cord 810 ya 1936, na 812 iliyoifuata mwaka 1937, haina mfano: taa zake za mbele zimefichwa ndani ya madigadi, boneti imezungukwa na mistari ya mlalo, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta gari. Pierce-Arrow ya Buffalo nayo ilisajili mwaka 1914 hataza (haki ya uvumbuzi) ya taa zilizochomoza kutoka kwenye madigadi yenyewe, na alama hiyo huonekana hata katika picha iliyofifia. Tahadhari ni moja: kiwanda hicho kilimruhusu mnunuzi kuchagua taa za kawaida, kwa hiyo kukosekana kwa taa za madigadi hakutoshi kuiondoa Pierce-Arrow katika hesabu.

Kuhusu sanamu za juu ya rejeta, nitasema waziwazi kwamba ni ushahidi dhaifu kuliko wote. Mbwa wa magari ya Lincoln na mpiga mshale wa Pierce-Arrow hufunguliwa kwa spana na kufungwa kwenye gari lolote, na nakala mpya zinauzwa hadi leo. Afadhali kutazama vitovu vya magurudumu, kwa sababu fundi wa mbali asiye na spea za asili hubadilisha tairi na rimu lakini kitovu hukiacha. Kitovu chenye umbo la pembe sita, mara nyingi katikati kukiwa na rangi nyekundu, kimetuelekeza kwa Packard mara nyingi kuliko alama nyingine yoyote, kikisaidiwa na mabega ya rejeta ambayo kampuni hiyo iliyahifadhi kizazi baada ya kizazi.

Hata hivyo, si kila kinachofanana na Packard kilitoka Detroit, kwenye kiwanda cha Packard. Tulipokea picha za magari meusi marefu kutoka Ulaya ya Mashariki yaliyoandikwa nyuma kuwa ni Packard, na kumbe ni ZIS-110 za Moscow. Gari hilo lilitengenezwa kuanzia 1945 hadi 1958 katika kiwanda kilichobeba jina la Stalin, kwa kufuata kwa karibu sana Packard 180 ya mwaka 1942. Picha ikionyesha alama ya mbele yenye herufi za Kirusi, mjadala unakwisha. Isipoonyesha, tarehe na mahali picha ilipopigwa ndivyo vitu vya kwanza tunavyopaswa kuuliza.

Jambo lililozua ubishi mkubwa zaidi mwaka huu ni upande wa usukani. Wanachama kadhaa walishikilia kwamba gari la Kimarekani lenye usukani wa kulia lazima liwe lilipelekwa katika makoloni ya Uingereza. Hoja hiyo ina msingi, kwa kuwa viwanda vya Kanada, kama vile vya General Motors huko Oshawa na cha Packard huko Windsor, Ontario, vilinufaika na ushuru nafuu ndani ya himaya hiyo. Hata Mfalme Edward VIII wa Uingereza aliagiza Buick iliyotengenezwa Kanada mwaka 1936. Lakini Argentina na Uruguay, ambazo hazikuwa makoloni ya Uingereza, ziliendesha magari upande wa kushoto wa barabara, unaoendana na usukani wa kulia, hadi 1945, na Shanghai hadi mwanzoni mwa 1946. Zaidi ya hayo, Pierce-Arrow iliendelea kuweka usukani kulia kwa wateja wake wa nyumbani Marekani hadi mwaka 1920 hivi, wakati wenzake walikwisha kuuhamishia kushoto. Usukani wa kulia, basi, hupunguza orodha ya nchi, lakini peke yake hauthibitishi safari ya gari. Nakiri kwamba hatukuwaridhisha wote.

Nikija kwenye namba, Packard ndiyo iliyotupa faraja kubwa. Kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na chumba cha abiria kulikuwa na kibati chenye namba ya gari, ambayo ni tofauti na namba ya injini. Katika miaka ya 1930 tarakimu za mwanzo za namba hiyo hueleza aina ya bodi. Juu ya kibati hicho hicho wakala aliyeuza gari aligonga jina lake, mji wake na tarehe ya kulikabidhi. Hapa ndipo penye hazina kwa kazi yetu, kwa sababu kibati kinachotaja wakala wa mji wa Marekani hudokeza kwamba gari lilisafirishwa baadaye likiwa limekwisha kutumika, ilhali kinachotaja wakala wa ng'ambo huonyesha kwamba lilifika huko likiwa jipya. Tarehe isomwe kwa kawaida ya Kimarekani, mwezi ukitangulia siku. Wanachama wakumbuke pia kwamba Packard ilihesabu matoleo kwa mfululizo badala ya mwaka, na kwamba iliruka mfululizo wa 13, hivyo toleo la 1935 ni la 12 na la 1936 ni la 14. Mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari ya nchi nyingine mara nyingi ni mwaka wa usajili, na usajili huchelewa.

Cadillac ina utaratibu wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 namba ya injini ndiyo iliyokuwa utambulisho wa gari zima: za silinda 16 za mwaka 1930 zilianza na 700001, na za silinda 12 za 1931 zilianza na 1000001. Uzuri wa utaratibu huo ni urahisi wake. Ubaya wake ni kwamba injini ikitolewa na kutupwa, utambulisho umeondoka nayo. Linalobaki ni kibati cha bodi, chenye namba ya mtindo, ya bodi, ya kitambaa cha ndani na ya rangi. Kwa mfano, mtindo 4302 wa Fleetwood, waunda bodi wa Cadillac, ni gari la wazi la viti viwili. Kwa Cadillac za miaka ya 1950, ambazo ndizo nyingi Havana, tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka, kiasi kwamba namba inayoanza na 5662 ni ya 1956, mfululizo wa 62. Magari mengi ya Cuba sasa yanatembea kwa injini za dizeli zisizo zake, kwa hiyo mafundi waliotusaidia waliombwa wasihangaike na injini, bali wasugue ubavu wa chesisi upande wa kulia, nyuma ya kishikizo cha injini, ambako namba hiyo ilipigwa pia.

Kamati imeamua kila jibu liwe na daraja moja kati ya matatu: limethibitishwa kwa namba, linaelekea kuwa hivyo kwa umbo, au halijatambuliwa. Baadhi ya wanachama waliliona daraja la tatu kuwa ni aibu kwa chama, lakini mimi naliona kuwa la lazima. Mwaka huu mfanyabiashara mmoja aliomba barua yetu ya uthibitisho kwa picha za bodi pekee, akiwa tayari kutoa mchango mnono, na kamati ilikataa. Ninaomba mkutano uidhinishe uamuzi huo na kuufanya kanuni ya kudumu.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza kwamba ombi lolote la kutambua gari lililopo liambatane na picha ya kitovu cha gurudumu, ya kibati cha ukuta wa injini na ya namba ya chesisi, iliyopigwa baada ya kusafisha kwa mafuta ya taa na kitambaa, bila msasa wala brashi ya waya, kwa kuwa vitu hivyo hufuta tarakimu zilizogongwa kwa kina kifupi. Picha za kale zitaendelea kupokelewa kama zilivyo. Nafasi mbili za kamati zitakuwa wazi baada ya mkutano huu, na moja ingefaa sana kujazwa na mwanachama anayesoma Kihispania, kwa kuwa kumbukumbu za usajili za Argentina na Uruguay zimelundikana bila msomaji.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti