Mtoto kiziwi si mkaidi, amekosa wa kuzungumza naye

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie neno moja ambalo watoto viziwi hubandikwa katika mitaa yetu ya Nairobi, nalo ni "mkaidi". Husemwa kwamba watoto hawa wana hasira za karibu, kwamba hawana huruma, na kwamba ukigusa chao watakurukia. Nimelisikia neno hilo kanisani na kwenye matatu, na sina budi kukiri kwamba nimelitamka mwenyewe, nyumbani kwangu Umoja, dhidi ya mjukuu wangu aliyezaliwa hasikii.

Alipokuwa na miaka sita, dadake mdogo alijikwaa akaliangukia gari la waya ambalo kijana huyo alikuwa amelishughulikia siku mbili nzima, likapondeka. Msichana alikuwa chini analia, goti linavuja damu, naye kakake akamwangushia makofi. Tulimwadhibu vikali. Hakuna aliyejiuliza kama mtoto yule alikuwa amewahi kuelezwa, kwa njia yoyote ile, tofauti kati ya jambo la makusudi na la bahati mbaya. Ishara tulizokuwa nazo nyumbani ni zile tulizojitungia wenyewe: kula, lala, oga, njoo, wacha. Zote zilikuwa za vitu na amri. Hatukuwa na hata moja ya "alisahau", "anadhani", "hakujua" wala "anakutania".

Kuna jaribio jepesi ambalo mzazi yeyote anaweza kulifanya jikoni. Mwonyeshe mtoto mkebe wa Kimbo na umuulize una nini ndani, atakuambia mafuta. Ufungue, aone sindano na nyuzi, kama ulivyo mkebe wa mke wangu, kisha umuulize: jirani ambaye hajachungulia humu, akiingia sasa hivi, atasema kuna nini? Mtoto wa miaka mitatu kwa kawaida hujibu "sindano", kwa kuwa alijualo yeye hudhani kila mtu analijua. Akifika miaka minne au mitano, wengi hujibu "mafuta", maana wamekwisha kutambua kwamba mtu anaweza kuamini jambo lisilo kweli. Wataalamu wawili wa Austria, Heinz Wimmer na Josef Perner, ndio waliotangulia kuwapima watoto wadogo kwa njia ya namna hii mwaka 1983. Watafiti wa Australia walipowapima watoto viziwi mwaka 1995, waliwakuta wengi wa miaka minane na zaidi bado wanashindwa. Lakini watoto viziwi waliozaliwa na wazazi viziwi, yaani waliotumia lugha ya ishara tangu wachanga, hulivuka jaribio hilo kwa wakati sawa na watoto wanaosikia. Kwa hiyo si uziwi unaomchelewesha mtoto.

Tujue pia kazi hii hufanyiwa wapi. Mwaka 2003 Rebecca Saxe na Nancy Kanwisher, watafiti wa Marekani, walieleza jinsi sehemu fulani ya ubongo, iliyo juu kidogo ya sikio na nyuma yake, inavyochangamka mtu anaposoma habari za mawazo ya mwenzake, na kutulia anaposoma habari za mambo mengine. Imekaa jirani na sikio, lakini kusikia si kazi yake. Mwaka 2010 Saxe na wenzake waliivuruga sehemu hiyo ya upande wa kulia kwa muda mfupi kwa nguvu ya sumaku, kisha wakawapa watu kisa cha mtu aliyetaka kumdhuru mwenzake akashindwa. Waliovurugwa walimhukumu kwa wepesi kuliko kawaida, wakiyaangalia zaidi matokeo kuliko nia. Niliposoma hayo nililikumbuka lile gari la waya.

Mwaka 2020 ukachapishwa utafiti ambao ningependa kila daktari wa masikio nchini ausome. Watoto viziwi waliocheleweshewa lugha ya ishara walipopigwa picha za ubongo, sehemu hiyo haikutofautisha mambo ya mawazo na mambo mengine kwa uwazi ulioonekana kwa watoto waliokua na lugha ya ishara tangu kuzaliwa. Mtoto huzaliwa na ubongo wake, lakini sehemu hii hunolewa na mazungumzo, yale ya mezani na ya kitandani kabla ya kulala, ya "mbona shangazi amenuna?" na "alidhani umemsahau".

Wala mlango haufungwi kabisa. Nchini Nicaragua, viziwi waliokutanishwa shuleni kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 walijiundia lugha mpya ya ishara. Kundi la kwanza, hata utu uzimani, lilikuwa na ishara chache za kuzungumzia mawazo na lilishindwa na majaribio kama la mkebe, ilhali wadogo wao waliyaweza. Miaka miwili baadaye wale wakubwa nao walikuwa wameziongeza ishara hizo, na uelewa wao ukapanda.

Katiba yetu ya 2010 inaitambua Lugha ya Ishara ya Kenya, hata ikaifanya lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Tunamwona mkalimani kwenye kona ya runinga kila taarifa ya habari. Lakini kwa miaka mingi mjukuu wangu alikaa mbele ya kona hiyo bila kuelewa chochote, kwa sababu sisi tulikuwa tunasubiri shule ije imfundishe. Mamake ndiye aliyeanza kujifunza, nami nikafuata, vidole vyangu vikiwa vimekakamaa kwa uzee. Kijana hunirekebisha bila huruma. Juzi alinionyesha kwamba nyanya anadhani miwani yake imepotea, kumbe iko kichwani, akacheka hadi akashika tumbo.

Ombi langu ni dogo. Siku mzazi anapoambiwa hospitalini kwamba mtoto wake hasikii, aelekezwe palepale mahali pa kujifunzia Lugha ya Ishara ya Kenya, hata kama mtoto atawekewa kifaa cha kusaidia kusikia. Na makanisa na misikiti yenye wakalimani ifungue darasa la Jumamosi alasiri kwa ajili ya jamaa zao. Asubuhi wengi wetu tuko kazini, na sisi wazee jioni hatuoni vizuri.

Mwalimu mstaafu,
Umoja, Nairobi