Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2020

Mawakili wenzangu wa Mombasa na Pwani ya Kenya, na nyinyi makarani wetu mlioingia kwenye Zoom juzi, asalaam aleikum na habari zenu. Mkutano ulitukatikia zile dakika 40 za bure zikiisha na wengine hawakuweza kurudi, kwa hivyo taarifa naituma kwa maandishi, kila mtu asome kwa nafasi yake, maswali leteni kwenye grupu.

Kwanza wenzetu waliotangulia mbele ya haki mwaka huo wa 2020. Majina mnayajua, Mungu awalaze pema.

Sasa mwaka wenyewe. Tarehe 13 Machi serikali ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, tarehe 15 Jaji Mkuu Maraga akatoa maagizo, kesho yake kesi zikasimama, mahabusu hawaletwi kortini, tukaambiwa ni wiki mbili. Wiki mbili gani hizo, hii 2021 imeingia na barakoa bado tunazo! Tarehe 27 Machi ikaja kafyu na mnakumbuka ya pale ferry Likoni jioni ile, watu wanahangaika kuvuka wafike makwao wakapigwa virungu na kurushiwa vitoa machozi hata saa ya kafyu haijafika. Chama cha Mawakili kikaenda kortini, na 16 Aprili Jaji Weldon Korir akasema kafyu yenyewe ni halali lakini ule ubabe wa polisi ulivunja katiba, akaagiza mawakili waingizwe kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kutembea. Kabla ya hapo mteja akishikwa saa mbili usiku wewe utamfikia vipi?

Alafu 8 Aprili kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale kukafungwa, Kilifi na Kwale mpaka Juni, Mombasa mpaka Julai. Alolala Mtwapa, upande wa Kilifi, na ofisi iko mjini Mombasa, ndo basi. Mwezi wa tano Mji wa Kale nao ukafungwa peke yake, na kuna wanachama walioacha faili za wateja ndani huko.

Hapo ndo tukajijua. Ofisi kubwa za Nairobi zilimpa kila wakili laptopu na bando kazi ikaendelea, sisi ofisi zetu za watu wawili watatu tulikuwa tunaishi kwa kabati la faili, muhuri na karani anayejua kila mtu pale masjala. Karani akifungiwa Kwale, ofisi imefungwa, hata kama wakili yuko mezani na kompyuta yake. Tuliyoyafanya mwaka mzima, ukiyaangalia vizuri, ni kutafuta namna ya kufanya kazi ya yule karani kwa simu.

Na kuna iliyowezekana vizuri sana. Kutaja kesi kwa njia ya video, mimi naomba isirudi nyuma hata korona ikiisha. Zamani unapanda kutoka Ukunda alfajiri, unavuka ferry, unakaa kortini mpaka saa tano, unasimama dakika mbili kuambiwa tarehe nyingine, na mteja analipia siku nzima. Hukumu nazo zikaanza kuja kwa barua pepe baada ya maagizo ya 15 Aprili, hii imetupunguzia safari nyingi. Nairobi walianza mfumo wa kufungua kesi kwa mtandao 1 Julai, sisi mwaka ukaisha tunatuma karatasi kwa barua pepe ya masjala na kupiga simu kuuliza kama zimefika, na mara nyingine jibu lenyewe lilikuwa "hebu tuma tena".

Lakini kuhoji shahidi kwa video mimi sijakubali. Hujui nani amekaa nyuma ya simu anamnong'oneza, hati unamuonyesha vipi, na mtandao ukikatika swali lako limeshapoa, shahidi amepata nafasi ya kufikiri uongo mzuri. Na yule mama wa mirathi kwa Kadhi, hana simu ya kioo, anaazima ya mjukuu, bando linaisha katikati ya maneno. Kamati imeandika barua kuomba kesi za mashahidi zisikizwe ana kwa ana, hata kama ni uwanjani chini ya mwembe.

Suala la sahihi limetugawa. Sheria ilibadilishwa 18 Machi, wiki ileile kesi ziliposimama, sahihi ya kielektroniki ikatambuliwa kwenye mikataba na hata muhuri wa kampuni ukaacha kuwa lazima, tukashangilia. Benki nazo? Zinataka wino, na zinataka karatasi yenyewe. Kuhusu viapo, najua kuna wanachama walikuwa wanamtazama mteja kwa WhatsApp video alafu wanagonga muhuri "ameapa mbele yangu". Mbele yako wapi jamani? Hati kiapo ikipingwa ni wewe utakayejibu, kwa hivyo mpaka sheria ya viapo iseme vingine, mteja aje, hata kama mtaapia kwenye dirisha la gari kama wengine walivyofanya.

Siri za wateja ndo inayonitisha zaidi. Nyumba ya vyumba viwili, talaka ya watu inajadiliwa sebuleni watoto wanasikiza, hati ya shamba la mtu imetumwa kwenye grupu la familia kwa kidole kuteleza. Sheria ya kulinda data ipo tangu 2019, na mwaka 2020 tulipata kamishna wake. Tafuteni hata kona yenye mlango.

Makarani. Kuna ofisi zimewaacha bila mshahara tangu Aprili, na wengine hata simu hawapokelewi. Hawa ndo walobeba ofisi zetu miaka yote. Mfuko wa dharura ulisaidia kidogo ukaisha, mweka hazina ana hesabu kamili. Kamati inapendekeza tuwafundishe kuskani, kupanga faili za mtandao na kufuatilia barua pepe za korti, gharama itoke kwa michango yetu.

Pendekezo la pili ni tukodi chumba kimoja karibu na korti, skana moja, intaneti ya maana na kiti cha kuonana na mteja faraghani, tuchangie kwa zamu, manake wengi mmerudisha ofisi kwa mwenye nyumba na sioni mkirudi kulipa kodi ile.

Ah, VAT, kodi ya ongezeko la thamani, imerudi asilimia 16 kutoka 14 tangu 1 Januari 2021, rekebisheni bili zenu. Kura za mapendekezo yote mawili zinapigwa kwenye grupu mpaka Ijumaa saa kumi jioni, asiyelipa ada ya mwaka hapigi kura, na mweka hazina ameniambia nisitaje majina lakini orodha anayo.