Salum, kinachokuua ni ndege

Salum ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Umeniuliza mambo mawili: kwa nini kile kidinosaria cha Chrome, lile gemu linalotokea kwenye kivinjari cha Google intaneti ikikatika, kinamnasa mtu hadi anasahau kwamba bando limekwisha, na kwa nini wewe huvuki pointi 500. Ngoja nianze na hili la pili, maana la kwanza limejificha humo humo.

Kinachokuua ni ndege. Gemu linaanza na mwendo wa 6, yaani ardhi inasogea pikseli 6 (vile vidoa vidogo vya kioo) kwa kila fremu, yaani kila picha kioo kinapojichora upya, na kwenye kioo cha kawaida fremu ni 60 kwa sekunde. Kila fremu mwendo unapanda kwa 0.001. Jicho halioni badiliko hilo. Lakini zikipita sekunde kama 42, mwendo umeshafika 8.5, na hapo ndipo ndege wanaporuhusiwa kutoka. Tazama kona ya juu kulia wakati huo: utakuta karibu pointi 450. Basi wewe hujawa mzembe ghafla. Umefika mahali penye sheria mpya na kidole bado kinafuata sheria ya zamani. (Hesabu hii ni ya kompyuta, au ya simu iliyolazwa ubavu kama unavyocheza wewe. Ukiishika wima, kioo kinakuwa chembamba, huoni mbali, hivyo mwendo unapunguzwa na ndege wanachelewa.)

Ndege ana mambo mawili. La kwanza, hatembei sawa na ardhi. Kaktasi, ile mimea ya miiba unayoiruka tangu mwanzo, imeota pale pale, inakujia kwa kasi ile ile ya mchanga, na kidole kimeshauzoea umbali wake. Ndege anaongezewa au kupunguziwa 0.8 kwenye mwendo, kwa bahati nasibu, kwa hiyo mmoja anawahi na mwingine anachelewa. Ukimpimia kwa umbali wa kaktasi, utaruka mapema na kumtua mgongoni. Mwangalie yeye mwenyewe, usiangalie ardhi.

La pili ni kimo. Kwenye kompyuta wapo wa vimo vitatu: wa chini unamruka, wa kati unainama kwa mshale wa chini, wa juu anapita zake. Kwenye simu huna kitufe cha kuinama, na watengenezaji walilifikiria hilo: wakamwondoa yule wa kati. Wamebaki wawili tu. Wa chini, ruka. Wa juu, usifanye lolote, endelea kukimbia, hakugusi. Wengi wanafia kwa huyu wa juu, kwa sababu kidole kimezoea kuruka kila kinapoona kitu. Kujizuia nako ni mchezo, tena ndio mgumu zaidi.

Kitu kingine kitakachokusaidia: kizuizi cha aina moja hakitoki zaidi ya mara mbili mfululizo. Ukishawaona ndege wawili wakifuatana, anayekuja wa tatu ni kaktasi tu, ndogo au kubwa. Jiandae kuruka.

Kuhusu kuruka kwenyewe, naona unagonga kioo kwa namna moja tu. Kuna mruko mfupi na mrefu. Ukigusa na kuinua kidole upesi, dinosaria anakatisha kupanda na anatua mapema. Ukikiacha kidole, anapanda mpaka mwisho, akikaa hewani kwa zaidi kidogo ya nusu sekunde. Kaktasi ndogo iliyo peke yake inatosha mguso mfupi. Mrefu uwekee zile kubwa zilizosongamana tatu tatu, ambazo huanza karibu na pointi 160. Kabla ya hapo kubwa hutoka moja moja. Anayeruka mrefu kila mara hujikuta bado yuko hewani kizuizi cha pili kikiwa kimeshafika miguuni. Na kadiri mwendo unavyopanda, mruko ule ule unameza ardhi zaidi, hadi mwishoni inazidi mara mbili ya ule wa mwanzo, kwa hiyo anza kuruka ukiwa mbali zaidi.

Pointi 700 zikifika, kioo kitageuka cheusi. Ni usiku umeingia, unadumu sekunde 12 kisha kunakucha. Vizuizi havibadiliki hata kidogo, ila mtu hushtuka, na kushtuka kunatosha.

Sasa swali lako la kwanza. Mwendo una kikomo, nacho ni 13. Unafika hapo baada ya dakika mbili hivi, karibu na pointi 1,650, na kuanzia hapo gemu haliongezi kasi tena. Halikuonei. Sekunde 3 za mwanzo hakuna kizuizi chochote, upate pumzi. Ukifa, unasubiri kidogo tu, unagusa, unaanza upya. Hakuna tangazo, hakuna sarafu za kununua, hakuna maisha ya kuhesabu. Kila kifo unajua sababu yake hapo hapo, na dawa yake iko mguso mmoja mbele yako. Hicho ndicho kinachokunasa, na kwa maoni yangu hakuna gemu la kukimbia lililoifanya kazi hiyo kwa usafi kuliko hili. Canabalt, gemu la kukimbia la Adam Saltsman, ilionyesha njia mwaka 2009, nayo kwa kitufe kimoja tu. Sebastien Gabriel, Alan Bettes na Edward Jung wa Google wakaja na hili mwaka 2014, wakaliweka mahali ambapo mtu ana hasira na hana la kufanya: kwenye ukurasa unaosema huna intaneti. Mwaka 2018 Google walisema linachezwa mara milioni 270 kwa mwezi, hasa kwenye nchi ambazo intaneti ni ghali au inakatika katika. Wewe na mimi tunazijua.

Jambo la mwisho. Mtandao ukirudi katikati ya mbio, ukurasa unaweza kujifungua wenyewe na mbio zako zikapotea. Weka simu kwenye hali ya ndege (airplane mode, inayokata mtandao) kwanza, au andika chrome://dino pale juu unapoandika anwani. Hapo utacheza hata bando likiwepo. Laza simu kabla ya kuanza, usiigeuze njiani. Halafu wiki hii acha kuhesabu pointi, wahesabu ndege wa juu uliowaacha wapite.

Ukiuona usiku, niandikie.

Ni mimi rafiki yako,
Idi