Usifike Ijumaa jioni

Ndugu Deo,

Tumsifu Yesu Kristo.

Kabla hujalipia tiketi ya hija, sogeza siku ya kufika. Ijumaa alasiri mabasi na treni za Israeli huanza kusimama, na hayarudi barabarani hadi Jumamosi usiku. Ukitua uwanja wa ndege wa Ben Gurion saa kumi na mbili jioni utategemea teksi, na bei halali ya sabato iko juu kuliko ya mchana wa kawaida. Yerusalemu kwenyewe, nenda Lango la Damasko: mabasi ya Waarabu hayashiki sabato. Haifa nayo ina mabasi siku hiyo, kwa sababu yalikuwepo tangu enzi za Waingereza. Tel Aviv na majirani zake walianzisha mabasi ya bure mwaka 2019, na washika dini wakaja juu.

Unauliza kwa nini nchi ifungwe ilhali wengi hawaendi sinagogi. Ilianzia kwenye barua. Juni 1947 David Ben-Gurion, kiongozi wa Wayahudi, alitaka Wayahudi wazungumze kwa sauti moja mbele ya Umoja wa Mataifa, hivyo yeye na wenzake wakakiahidi Agudat Israel, chama cha washika dini, mambo manne: sabato iwe siku ya mapumziko, jikoni za serikali zifuate miiko ya vyakula, ndoa zisiigawe jamii, na shule za dini zijitawale. Kwa hiyo usidhani huu ni ugomvi wa mwamini dhidi ya kafiri. Wapo tele wanaowasha mishumaa Ijumaa, wakala kwa mama, na Jumamosi wakaendesha gari kwenda ufukweni. Wanachogombania ni mhuri uwe mkononi mwa nani.

Angalia ndoa. Hakuna ndoa ya serikali kwa Wayahudi. Anayefungisha ni rabi aliyeidhinishwa. Mtu wa ukoo wa kikuhani hawezi kumwoa mwanamke aliyeachika. Ambaye mama yake si Myahudi hapokelewi, na hapo ndipo wahamiaji wengi kutoka Urusi walipokwama. Dawa yao ni kupanda ndege hadi Saiprasi, kufunga ndoa kwa msajili, kisha kurudi na cheti. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa 1963, ofisi ya usajili hukiandika. Ila wanandoa wote wawili wakiwa Wayahudi, wakiachana kesi inarudi kwa marabi, na mume asipokubali kutoa hati ya talaka mke hubaki amefungwa katika ndoa hiyo.

Ugomvi huu ni wa kale. Sasa fungua Wamakabayo wa Kwanza na wa Pili (Walutheri mtakaosafiri nao huenda hawana vitabu hivyo). Myahudi mmoja, Yasoni, alinunua ukuhani mkuu kwa Antioko, mfalme wa Kiyunani aliyetawala nchi hiyo, akajenga uwanja wa mazoezi wa Kiyunani Yerusalemu. Vijana walifanya mazoezi uchi, ndiyo maana wengine wakaficha alama ya tohara. Mwaka 167 KK ikaja amri ya kukataza sabato yenyewe. Soma polepole sura ya pili ya kitabu cha kwanza: kuhani Matathia, kule mjini Modini, alianza kumchinja Myahudi mwenzake aliyekwenda kutoa sadaka ya mfalme, kisha ndipo akamuua ofisa. Watu wapatao elfu moja wakafa sabato bila kurusha jiwe, ndipo wenzao wakaamua kwamba kujilinda siku hiyo ni halali. Na wazao wa Matathia? Wakajiita majina ya Kiyunani. Mmoja wao, Aleksanda Yanayo, mfalme na kuhani mkuu, alitupiwa matunda ya sikukuu ya vibanda, mfano wa malimau, akiwa madhabahuni.

Kinachonishangaza ni jeshi. Washika Torati wa kale ndio walioshika upanga. Wa leo, Haredi, yaani Wayahudi washika dini wakali, wameukwepa tangu 1948, wanafunzi 400 wa Torati waliposamehewa utumishi wa jeshi. Idadi ikafika makumi ya maelfu. Juni 2024 mahakama ikasema msamaha huo hauna sheria nyuma yake, na barabara zikajaa maandamano.

Mkipita barabara namba 443 mtaona miji miwili yenye jina la Modini, jirani kabisa: mmoja wengi wake si washika dini, wa pili ni wa Haredi.

Mea Shearim, mtaa wa Haredi huko Yerusalemu, vaa mikono mirefu, wanawake sketi ndefu, na sabato simu ibaki mfukoni. Picha zitakuletea kelele. Hotelini, lifti ya sabato husimama yenyewe kila ghorofa. Ukiwa na haraka, panda ngazi.

Nisalimie wanakwaya.

Wako,
Gervas